Baka la Ubavuni

Xavérine alirudi shule akiwa mtu mzima, mama wa binti anayevaa viatu vikubwa kuliko vyake. Unesi alikuwa nao tayari. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye wodi ya wazee, akigeuza migongo na kufunga vidonda, mpaka siku moja akamwambia mumewe, Herménégilde, kwamba amechoka kuwapokea watu wakiwa wamekwisha kuharibika. Alitaka kuwaona mapema. Akaomba nafasi kwenye masomo ya juu ya uuguzi, yale yanayomfanya mtu awe distriktssköterska, yaani nesi wa familia: anayempima mtoto tangu ana wiki chache, anayechanja, anayemfuata mzee nyumbani kwake, na ambaye dawa kadhaa anaruhusiwa kuziandika mwenyewe bila kumsubiri daktari. Huo ulikuwa mwaka 2010. Walikuwa wanakaa Akalla, pembezoni mwa Stockholm, kule inakoishia treni ya chini ya ardhi.

Vitabu vilimtesa, maana Kiswidi cha wodini na Kiswidi cha vitabu ni vitu viwili. Alisomea kwenye meza ya jikoni, binti yake Alliance akimsahihishia sentensi na kumcheka. Yeye anamuuliza kwa Kirundi au Kiswahili, mtoto anamjibu kwa Kiswidi. Lakini alikuwa na kichwa kizuri, na kwenye somo la ulinzi wa watoto alipata alama ya juu kabisa. Aliandika kwamba mtoto asiyeweza hata kutambaa hawezi kujigonga mwenyewe. Aliandika kwamba nesi hahitaji kuwa na hakika; akiwa na shaka tu, sheria inamtaka atoe taarifa kwa ustawi wa jamii bila kuchelewa, hata kama mzazi ni mtu wake wa karibu. Aliyaandika yote hayo akiyaamini.

Mafunzo ya vitendo akapangiwa kituo kimoja cha afya kisicho mbali na kwake, upande wa kliniki ya watoto. Msimamizi wake aliitwa Gunvor, mama wa makamo mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi na mikono ya moto. Mwanzoni Xavérine alipata taabu kumwita mtu wa umri ule kwa jina tupu, kama anaita mtoto wa jirani, lakini ndivyo wanavyoitana huko, akazoea. Wakaelewana. Gunvor alimwachia apime, achanje, azungumze na wazazi, yeye akikaa pembeni na kikombe chake cha kahawa.

Siku moja Gunvor alimsimulia jambo lililokuwa linamkaa rohoni. Mwaka uliotangulia alikuwa ameona mabaka ya bluu mgongoni mwa mtoto wa familia moja ya Kisomali, akadhani ni damu iliyovilia kwa kipigo, akatoa taarifa. Kumbe yalikuwa mabaka ya kuzaliwa tu, yale ambayo watoto wengi wenye asili ya Afrika na Asia wanazaliwa nayo kiunoni na makalioni, na yanayofutika yenyewe wanapokua. Familia ilihojiwa, mama akalia mbele yake pale kliniki, na hawakurudi tena.

"Kwa hiyo nafurahi uko hapa," Gunvor akasema. "Wewe unayajua."

Xavérine naye akafurahi. Kwa mara ya kwanza tangu aanze masomo alijiona ana kitu ambacho wenzake hawana.

Mwezi wa Februari, theluji ikiwa imelundikana mpaka madirishani, aliingia Christelle na mtoto wake Axel. Xavérine alimjua vizuri. Christelle alikuwa binti wa Uvira, mdogo, mpole, mwenye sauti ya juu iliyobeba kwaya ya kanisa lao, na kanisani wote walikuwa wamecheza kwenye harusi yake na Israël, kijana anayefanya kazi ya usiku kwenye ghala moja huko Jordbro. Axel alikuwa na miezi mitano. Siku hiyo alikuwepo mkalimani aliyepangwa kusaidia kwa simu, lakini Gunvor alipoona wanawake wawili wanakumbatiana, akamwambia mkalimani akate simu, hahitajiki.

"Yaya Xavérine!" Christelle akasema. Yaya, kwao, ni dada mkubwa. "Sikujua utakuwa hapa."

"Nipo, mdogo wangu. Lete mwanaume huyo tumwone."

Walimvua mtoto nepi na fulana, wakamlaza kwenye mizani. Kiunoni palikuwa na baka la kijivu, pana, la kuzaliwa, ambalo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angelitambua. Gunvor akainama. Akaonyesha kidole juu zaidi, ubavuni upande wa kushoto, palipokuwa na lingine dogo, la mviringo, lililokoza.

"Na hili? Sikumbuki kuliona mwezi wa kumi na mbili."

Xavérine akaweka vidole viwili pale. Mtoto akajikunja na kutoa sauti, siyo kilio cha baridi wala cha njaa, ila sauti fupi ya mtu aliyeguswa panapouma. Baka la kuzaliwa haliumi. Xavérine alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Akainua macho, akamwona Christelle amesimama na nepi mkononi, anamtazama, midomo imekauka.

Akamtabasamia.

"Ni yaleyale," akamwambia Gunvor. "Kwetu watoto wengi wanazaliwa nayo. Mengine yanachelewa kuonekana."

Gunvor akanyooka. "Haya. Wewe unajua kuliko mimi."

Xavérine akamvalisha mtoto huku akizungumza na mama yake kwa Kiswahili. Analala? "Apana, yaya, analiaka sana. Mchana na usiku. Israël anatoka, mi nabaki naye peke yangu. Kuna saa sijisikii mtu." Halafu haraka haraka, "Lakini Mungu ni mwema."

"Anasemaje?" Gunvor akauliza.

"Anasema wanaendelea vizuri. Uchovu wa kawaida."

Wakaagana. Mchana huo, akila chakula chake cha kopo kwenye chumba cha wafanyakazi, Xavérine aliisikia tena ile sauti fupi ya mtoto. Akajiambia vidole vyake vilikuwa vya baridi. Akajiambia Christelle huyuhuyu ndiye aliyelala kwake siku za kwanza alipofika nchini. Akala akamaliza.

Haikupita hata wiki mbili. Alikuwa anapanda ngazi za nje akitoka dukani, mifuko mikononi, simu ikaita. Ni Dative, kiongozi wa kwaya.

"Umesikia? Axel yuko hospitali. Mfupa wa paja umevunjika. Wamempiga picha, wakakuta na mbavu mbili zimevunjika zamani kidogo, zimeanza kuunga. Polisi wamemchukua Israël."

"Zamani kidogo?" Xavérine akauliza.

"Ndivyo wanavyosema. Mbavu. Unanisikia? Xavérine?"

Alikuwa anasikia. Alikuwa ameweka mifuko chini kwenye theluji bila kujua ameiweka, na viazi vilikuwa vimetoka na kuviringika mpaka penye magurudumu ya gari la mtu. Mzee mmoja wa Kiswidi akaviokota na kumrudishia kimoja kimoja, akimuuliza kama anajisikia vibaya. Mbavu. Aliziwekea vidole. Chini ya vidole vyake vile viwili mfupa wa mtoto ulikuwa umevunjika, naye alikuwa amemtabasamia mama yake.

Asubuhi iliyofuata Gunvor alikuwa amekwisha kupata habari. Alikuwa amekaa bila kahawa. "Ustawi wa jamii wamenipigia," akasema. "Wanauliza kama tuliona kitu." "Nimewaambia tuliona baka na tukaamua ni la kuzaliwa. Mwenye leseni ya hapa ni mimi, Xavérine. Kosa ni langu."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Xavérine alifungua mdomo, akamfikiria mratibu wa kozi, akafikiria miezi iliyobaki, akafikiria jikoni kwake na binti yake anayemcheka. Akasema, "Samahani." Basi. Wakaita mtoto wa kwanza.

Jumapili akaenda kanisani kwa sababu kutokwenda kungekuwa kusema kitu. Walikuwa wanaazima ukumbi wa kanisa la Waswidi, mchana, wenyewe wakishamaliza. Alipoingia, mazungumzo ya pale penye makoti yakakatika. Christelle hakuwepo. Dative alimsalimia kwa ncha za vidole. Baada ya ibada, mzee wa kanisa, Deusdedit, baba mwenye heshima aliyewasindikiza wengi wao kwenye maofisi walipofika, akamwita pembeni, lakini kwa sauti ambayo wengi waliisikia.

"Mama Alliance, mimi nakuuliza kama baba. Ni wewe uliyemtoa Israël?"

"Kumtoa vipi, baba?"

"Unafanya kazi pale anapopimwa yule mtoto. Watu wanasema uliona kitu ukawaandikia sosialen, hao wa ustawi wa jamii. Sasa mtoto amechukuliwa, amepewa Wazungu wamlee. Kijana yuko ndani. Kama kuna neno, si ungekuja kwetu kwanza? Sisi si watu wako?"

Walikuwa wanamhukumu Xavérine kwa jambo alilopaswa kulifanya na hakulifanya. Angesema, "Sikuandika," wangemkumbatia pale pale, Dative angemletea chai. Na lingekuwa ndilo neno baya kuliko yote aliyowahi kuyatamka. Isitoshe, habari za mgonjwa hazisemwi penye makoti.

"Siruhusiwi kuzungumza habari hiyo, baba," akasema.

"Basi umejibu," akasema Deusdedit kwa huzuni ya kweli, akamwacha.

Njiani Herménégilde, aliyekuwa ameshika mkono wake, alisema, "Kama uliandika, ulifanya vizuri. Mimi niko na wewe." Xavérine akauchomoa mkono wake, akasingizia anatafuta ufunguo.

Siku ya zamu yake ya kufua alishuka chini ya jengo, kwenye chumba cha kufulia kinachotumiwa na wapangaji wote. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mashine mbili zilikuwa zinazunguka na yeye anakunja mashuka, mlango ukafunguliwa akaingia Christelle. Hakuwa na nguo za kufua. Alikuwa na koti juu ya gauni la kulalia, na viatu vya theluji bila soksi. Wanakaa majengo mawili kutoka hapo.

"Yaya," akasema. "Si Israël."

"Nini?"

"Si yeye. Israël hajamguza mtoto. Ni mimi."

Xavérine alisikia maneno, akayapanga, hayakukaa. Tangu siku ya simu alikuwa amemchukia Israël. Alikuwa amekumbuka kila mara alipomwona amenuna, kila mara alipoongea kwa ukali, akamjengea sura ya mtu mbaya na kumfungia humo. Hakuna hata mara moja, wala kwa dakika moja, alipomfikiria huyu msichana wa sauti nzuri, anayetetemeka sasa kati ya mashine na kapu la mashuka.

"Wewe umefanya nini, Christelle?"

"Aliliaka. Alikuwa analia tangu asubuhi, Israël amelala sababu ametoka kazi, mi nabadilisha nepi, anarusha miguu, anarusha, nikashika mguu nikavuta. Nikasikia. Yaya, nilisikia kabisa." Akaziba masikio kwa viganja kana kwamba ile sauti ilikuwa inatoka kwenye mashine. "Kuko hospitali nikasema ameanguka kitandani. Wakauliza nani alikuwa naye, nikanyamaza. Israël akakasirika, akawapigia kelele, wakamchukua yeye. Nikaendelea kunyamaza."

"Na mbavu?"

"Ni mimi. Mbele ya ile siku ya kliniki. Nilimbana."

Xavérine akatafuta kiti, hapakuwa na kiti, akakaa kwenye kapu, juu ya mashuka safi.

"Nilikuja kliniki nikijua mtaona," Christelle akaendelea. Sasa alikuwa anaongea polepole, karibu kwa upole. "Usiku wote nilikuwa najisemea, kesho wataona, wataniuliza, nami nitasema. Nilikuwa tayari. Yule mama Mzungu akaweka kidole, nikajua imefika. Nikaona wewe unagusa. Nikaona mtoto anajikunja, nikaona umejua. Wewe ulijua, yaya. Nikawa nangoja." Akamtazama. "Alafu ukanichekea ukasema ni ya kuzaliwa."

Mashine moja ikafika mwisho, ikanyamaza. Xavérine alikuwa ameona watu wakifa, tena si kitandani. Alikuwa amekimbia nchi mbili na mdogo wake mgongoni. Hakuna kilichowahi kumpiga namna hii, kwa sababu vile vyote alitendewa. Hiki alikitenda mwenyewe, akiwa amevaa koti jeupe, akidhani ni upendo.

Mwisho akasimama. Akamfunga Christelle vifungo vya koti, kimoja baada ya kingine, kama anavyofungwa mtoto. Akavua soksi zake mwenyewe za sufu akamvisha.

"Tunawapigia sasa hivi," akasema. "Wewe utasema, mimi nitakuwa karibu. Nikimaliza na wewe, na mimi nina la kwangu la kusema."

"Wataniweka ndani?"

"Sijui."

"Watanipa tena Axel?"

"Sijui, mdogo wangu. Sitakudanganya tena."

Walipiga simu pale pale, simu ikiwa juu ya mashine. Christelle aliongea Kiswidi chake kibovu, akaanza kulia, akaendelea akilia, na hakumwachia Xavérine mkono wa sweta mpaka gari lilipokuja.

Kutoka hapo Xavérine hakupanda nyumbani. Alikwenda kituoni akiwa hana soksi ndani ya viatu, akamkuta Gunvor anafungua dirisha. Akamwambia yote: kwamba mtoto alijikunja, kwamba alijua maana yake, kwamba hata maneno ya Christelle kuhusu usingizi aliyatafsiri kwa uongo.

Gunvor alifunga dirisha. Hakumkumbatia. Uso wake ulikuwa umepoteza rangi, na alipoongea sauti yake ilikuwa ya mtu asiyemjua.

"Kwa nini hukuniambia pale pale?"

"Kwa sababu namjua. Alilala kwangu. Niliogopa wangemwonea, kama ile familia uliyonisimulia."

"Nilikuuliza wewe ili nisitazame mwenyewe," akasema Gunvor. "Kumbukumbu zote za mtoto zilikuwa mbele yangu, ningefungua nikaona kwamba baka lile halikuwepo zamani. Nikataka uniambie si kipigo. Ukaniambia." Akakaa. "Tutaliandika, sote wawili. Na utalipeleka shuleni mwenyewe."

Alilipeleka. Mratibu wa kozi alimsikiliza bila kumkatiza, akamtoa nje asubiri, akamwita tena. Hakufukuzwa. Mafunzo yale yalifutwa, akaambiwa ayarudie yote muhula unaofuata, kituo kingine, chini ya msimamizi mwingine, na kwamba kila mahali atakapokwenda watakuwa wanajua. Aliona ni adhabu ndogo. Kuna wiki alikaa bila kufungua kitabu, akashika simu mara kadhaa amwambie mratibu anaacha. Herménégilde, aliyeambiwa kila kitu siku ileile, hakusema tena kwamba yuko na yeye. Alipika, akafua, akamwangalia, na ilichukua muda kabla hajamshika mkono.

Israël aliachiwa. Christelle aliwekwa hospitali ya magonjwa ya akili. Madaktari walisema alikuwa na sonona kali tangu alipojifungua, na hakuna aliyeiona. Mahakama ilimtia hatiani, ikamwamuru atibiwe chini ya uangalizi badala ya kufungwa. Kanisani habari ilipofika, watu walishindwa kuiweka mdomoni. Deusdedit alikuja nyumbani kwa Xavérine, kofia mkononi, kuomba radhi kwa kumshutumu.

"Usiniombe radhi, baba," Xavérine alimwambia. "Nilikuwa sijaandika. Nilipaswa kuandika."

Mzee alibaki mlangoni kama mtu aliyesukumwa. Alikuja kuondoa kosa moja, akakuta limekaa lingine asilojua alishike wapi. Hakuingia ndani, na chai iliyokuwa imechemshwa ikamwagwa.

Xavérine alimaliza masomo akiwa nyuma ya wenzake kwa muhula mmoja, akapata kazi Södertälje, kliniki ya watoto. Huwa anawavua watoto nguo zote, awe mtoto wa nani. Mkalimani akipangwa, hamwachi aende, hata kama mama ni wa kwao na lugha ni moja. Wazazi wengine wanamwona mkali.

Siku moja, mwishoni mwa kiangazi, alikuwa anasubiri treni ya kurudi Stockholm, akamwona Israël jukwaani, amembeba Axel begani. Mtoto alikuwa amerudishwa kwa baba yake, nao walikuwa wamehamia hapo Södertälje kwa dada yake Israël. Axel alikuwa na miguu minene, iliyonyooka, anapiga kifua cha baba yake kwa visigino.

Walitazamana. Israël ndiye aliyesogea.

"Dada Xavérine. Christelle aliniambia kitu nikashindwa kukiamini," akasema. "Nataka nikusikie wewe. Siku ile kliniki, uliona?"

Treni ilikuwa inaingia, watu wameanza kusogea na mizigo yao.

"Niliona," akasema Xavérine.

Israël alimtazama kama mtu aliyekuwa na hakika atasikia jibu jingine. Alimshusha mtoto kutoka begani akamkumbatia kifuani, akageuka, akatembea mpaka mwisho kabisa wa jukwaa, wakapanda behewa la mbele. Xavérine akapanda la nyuma.